Laptop Inayobisha Hodi

Wiki mbili baada ya kuniaga kwa kustaafu, mkanikabidhi saa ya ukutani na khanga doti tatu, vijana wa chumba cha kompyuta mlinitumia ujumbe: "Mama Fundi, tuandikie basi mambo ya kazi, umeondoka nayo yote kichwani." Yote! Nusu yake nilikuwa nawaambia kila siku na ninyi mnachezea simu. Haya, naandika. Vyeo na mishahara siyagusi, hayo yako kwenye faili langu na mnajua lilipo. Nitaandika niliyoyaona, na hasa habari za laptop moja, kwa sababu siku moja itarudi mezani kwenu na mimi sitakuwepo.

Nilianza Nachingwea, si kama fundi, ila karani wa kupiga chapa. Nilitoka Mkotokuyana na kisanduku cha bati na Kiswahili cha shuleni, maana nyumbani bibi alikuwa hataki kusikia lugha nyingine isipokuwa Kimakua. Siku ya kwanza nilipewa taipureta nzito kuliko mimi. Kabla ya saa nne ilikuwa imekwama, na mimi nimeshaanza kulia. Akaitwa Mzee Likwata.

Mzee Likwata alikuwa fundi wa taipureta wa wilaya nzima. Vifaa vyake viliingia kwenye mfuko mmoja wa kaki: bisibisi mbili, koleo, chupa ya mafuta ya cherehani, na brashi ya kunyolea ndevu aliyokuwa anapangusia vumbi. Nilidhani ataifungua mashine. Hakuifungua. Alivuta kiti akakaa, akaniambia, "Haya binti, piga barua. Barua yoyote."

"Mzee, imekwama."

"Piga hivyo hivyo. Mimi nakuangalia wewe, siiangalii mashine."

Nikapiga. Nilipofika katikati ya mstari, behewa la mashine, lile linalobeba karatasi, likagota. Mzee akanyoosha mkono, akasogeza daftari langu la mahudhurio vidole vitatu upande wa kushoto. Behewa likapita. Nilikuwa nimeweka daftari njiani mwake! Akafunga mfuko wake wa kaki, akaenda zake kunywa chai.

Jamani, nilishangaa siku hiyo na mpaka leo sijamaliza kushangaa. Nilimfuata akanifundisha, kwanza kwa kumsumbua, baadaye kwa barua ya mkuu wa ofisi. Alinifundisha mengi, lakini sheria yake ilikuwa moja: kabla hujagusa mashine ya mtu, mwache mwenyewe aitumie mbele yako. Alisema mashine nyingi hazina ugonjwa, zina mwenyewe. Alipostaafu alinipa ile brashi ya ndevu.

Kompyuta zilipokuja nikahamishiwa Ruangwa, na brashi nikaenda nayo. Huku niligundua adui ambaye kitabu chochote cha ufundi nilichowahi kusoma hakimtaji: salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho ukifika, ule unga wa njano unaingia kila mahali, mpaka kwenye feni za kompyuta, na ukikaa humo unakula shaba. Nimefungua mashine nikadhani mtu kamwagia bizari ndani. Ninyi vijana mnapenda hewa ya kopo. Mimi nawaambia brashi, tena kavu, na dirisha lifungwe.

Halafu zikaja hizi laptop mpya mpya za mtindo wa UEFI. Za zamani ukiziwasha zilikuwa zinakwenda mwanzo wa diski na kusoma kilichopo, basi. Hizi zina kumbukumbu ndogo kwenye madabodi, lile bamba kuu la ndani, na humo zimeandika majina ya milango: mfumo fulani uko sehemu fulani ya diski, uanze huu, ukishindwa nenda ule. Mara ya kwanza niling'oa diski nzima, nikawasha, nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta majina ya mifumo bado yapo kwenye orodha. Diski iko mkononi mwangu! Nilimwita mlinzi aje aone. Alitazama, akasema, "Sawa mama," akarudi getini.

Sasa nije kwa Mwalimu Athumani.

Mwalimu Athumani Lipande anafundisha historia kwenye shule ya sekondari upande wa Nandagala. Haoni tangu alipougua surua akiwa na miaka minne. Alifika ofisini kwangu Jumatatu moja asubuhi kwa bodaboda, fimbo nyeupe mkononi, begi la laptop limefungwa kifuani kama mama aliyebeba mtoto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Karibu, kiti kiko mkono wako wa kulia."

Akakaa, akaiweka laptop mezani polepole. "Mama, imekuwa bubu."

Akanieleza. Laptop ile ilikuwa na mifumo zaidi ya mmoja. Kulikuwa na ule wa kawaida unaotumika karibu kila ofisi, na kulikuwa na mwingine aliowekewa alipokuwa chuoni, wenye programu ya kumsomea kila kilicho kwenye kioo kwa sauti. Huo wa kuongea ndio aliofanyia kazi miaka tisa. Noti zake zote za kidato cha kwanza mpaka cha nne alikuwa amezichapa mwenyewe humo, neno kwa neno, anachapa na kusikiliza.

"Una nakala nyingine?"

"Flash ilikuwepo. Imefuliwa pamoja na suruali."

Nikacheka, na yeye akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Alhamisi wanakuja wathibiti ubora wa shule. Mkuu wangu si mtu mbaya, mama, lakini kuna wazazi wanamlalamikia, eti kipofu anafundishaje watoto wao. Ameniambia wakinikuta sina andalio la somo wala noti, hatakuwa na la kunitetea. Ataniweka maktaba." Akatikisa kichwa. "Maktaba! Nikae nalinda vitabu nisivyoweza kuvisoma."

Nikaiwasha. Tatizo lilionekana palepale: mashine iliingia moja kwa moja kwenye mfumo wa kawaida bila kupita kwenye menyu ya kuchagua. Mfumo ule ulikuwa umejisasisha na kujiweka wa kwanza kwenye ile orodha ya milango. Umeruka foleni, ndivyo ninavyowaelezaga watu. Nikaingia kwenye mipangilio, nikairudisha menyu iwe ya kwanza, nikahifadhi. Dakika kumi, hata chai yangu haijapoa.

Menyu ikatokea na mistari minne. Wa kwanza, mfumo wa kawaida. Wa pili, toleo la zamani lililokwisha kufutwa siku nyingi. Ukiuchagua unapata maneno ya makosa na kurudishwa hapohapo. Wa tatu, mfumo unaoongea. Wa nne, ule wa kuirudisha mashine ilivyotoka kiwandani, yaani kufuta kila kitu na kuanza upya.

Mnanijua, mimi ni mtu wa usafi. Mstari mfu wa nini? Nikaufuta. Nikajaribu wa kwanza, ukafunguka vizuri. Nikachagua mfumo unaoongea kwa mkono wangu, sauti ikatoka, Mwalimu akapiga makofi.

"Mungu akubariki, mama!"

"Amina. Iko safi kabisa sasa."

Mmeona nilichokosea? Sikumwambia aiwashe mwenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeishika sheria ya Mzee Likwata, na siku hiyo niliiacha, tena naijua sababu na naona haya kuiandika: nilijisemea moyoni, mtu haoni, atanionyesha nini?

Jumanne saa tano asubuhi nikasikia fimbo yake kwenye ngazi. Safari hii hakutoa shikamoo. Alisimama mlangoni, laptop mkono mmoja, betri yake mkono mwingine.

"Mama, jana ulibadilisha nini?"

Ndipo akanieleza anavyoiwasha, jambo ambalo ningelijua jana yake kwa kuuliza swali moja tu. Hajawahi kuiona ile menyu wala hakuna aliyemsomea. Aliyemwekea mfumo alimwambia: washa, hesabu mpaka kumi na mbili, shusha mshale mara mbili, bonyeza Enta. Kwake huo ndio ulikuwa mlango, miaka tisa. Kumi na mbili, chini, chini, Enta.

Na mimi nilikuwa nimefuta mstari mmoja juu ya mlango wake. Chini mara mbili haikumfikisha tena kwenye mfumo unaoongea. Ilimfikisha kwenye ule wa kufuta kila kitu.

Nilikaa chini.

"Nikabonyeza Enta, kimya," akaendelea. "Nikadhani imechelewa, nikabonyeza tena. Halafu nikasikia diski. Siku zote ikinisomea inakwaruza kwa kukatakata, kama kuku anachakura. Jana ilikuwa inakwenda mfululizo, haipumui. Nikasema moyoni, hii haisomi, hii inafuta. Nikang'oa betri."

Lahaula! Nimefungua mashine hizi nikiwa na macho mawili na miwani juu yake, na sijawahi kuijua diski inayosoma na inayofuta kwa kuisikiliza. Mtu huyu alikuwa peke yake nyumbani, hana kioo cha kumwambia lolote, akaisikia hatari kwenye mkwaruzo.

"Ni mimi, mwalimu," nikamwambia. "Nilifuta mstari. Nilidhani nafanya usafi."

Nilitamani anitukane. Akasema tu, "Keshokutwa ni Alhamisi, mama."

Basi tukaanza. Nirudie hapa taratibu, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Niliiwasha, ikasema hakuna cha kubuti, yaani hakuna mfumo wa kuanzia. Nikaingia kwenye mipangilio: jina la menyu bado lipo kwenye kumbukumbu ya madabodi, lakini ukiliita halijibu. Maana yake kile kipande kidogo cha diski kinachobeba faili za kuwashia kilikuwa kimefutwa. Jina lipo, aliyeitwa hayupo.

Nikachomeka flash yangu yenye mfumo wa dharura. Mara ya kwanza, kwa kuhangaika, nikaiwasha flash kwa njia ya zamani, si kwa njia ya UEFI. Sikilizeni hapa: ile flash inajitokeza mara mbili kwenye orodha, na majina yake yanafanana kama pacha. Ukiingia kwa lile lisilotaja UEFI, kila kitu kitafanya kazi isipokuwa kimoja, kumbukumbu ya madabodi haitakubali kuandikwa. Utajenga nyumba nzuri isiyo na mlango. Nikazima, nikaanza upya.

Kisha nikafungua orodha ya vipande vya diski. Kipande cha kuwashia, kitupu. Kipande cha mfumo wa kawaida, kitupu. Kikabaki cha tatu. Nikausogeza mshale juu yake, nikauacha hapo.

"Mama, umenyamaza," Mwalimu akasema.

"Nafungua."

Nikafungua. Folda zikatokea moja baada ya nyingine, nami nikaanza kumsomea kwa sauti: Kidato cha Kwanza. Kidato cha Pili. Mitihani. Maandalio. Sikufika mwisho. Mwalimu alikuwa ameinamisha paji la uso kwenye fimbo yake, mabega yanatikisika, na mimi machozi yananichuruzika, fundi mtu mzima.

Kabla sijagusa kingine nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje. Hiyo nayo ni sheria, na hii ni yangu: nakala kwanza, ushujaa baadaye. Ilichukua mpaka saa saba. Tukala mihogo ya kuchemsha na chai ya rangi, na salfa inaingia dirishani kwa sababu nilisahau kulifunga.

Baada ya hapo nikatengeneza upya kipande cha kuwashia, nikaisimika menyu, nikaandika jina lake kwenye kumbukumbu ya madabodi na kuliweka la kwanza. Halafu nikamsogezea laptop.

"Sasa, mwalimu, washa wewe. Nionyeshe."

Akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Funga macho basi. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Wewe leo unaambiwa usitazame."

Nikafumba. Nikasikia kitufe. Nikasikia feni ikivuta pumzi, ikapanda, ikashuka. Nikasikia diski ikichakura, ikatulia. Mungu wangu, kumbe mashine inasema mambo mengi hivi! Nimeishi na mashine siku zote na sikuwahi kuzisikiliza. Mwalimu alikuwa anahesabu kwa mnong'ono.

"Unajuaje kama menyu imefika?" nikamuuliza, macho bado nimefumba.

"Sijui. Nahesabu tu. Siku za joto inachelewa, nakosea, naanza tena."

Hapo nikakumbuka kitu. Menyu ile ina mpangilio mmoja ambao hakuna fundi anayeutumia, wa kuifanya mashine ipige mlio inapotokea. Wenye macho tunauona wa kitoto. Nikamwambia.

Akasimama kabisa. "Inaweza kupiga mlio?"

"Wowote unaotaka, mradi mfupi."

Akafikiri. "Basi ibishe hodi. Mara mbili, halafu ikae kimya inisubiri."

Nikaandika sauti mbili fupi. Tukawasha. *Ti, ti.* Mwalimu akaitikia, "Karibu!" akashusha mshale, nami nikamshika mkono haraka.

"Subiri. Nikuulize kwanza, safari hii nimejifunza. Nikiuweka mfumo wako uwe mstari wa kwanza, hutahitaji kushusha chochote. Unaonaje?"

"Hapana mama. Vidole vyangu vina miaka tisa na mstari wa tatu. Hata nikiwa na homa vinaujua. Nirudishie kama ilivyokuwa."

"Lakini wa pili haukuwa na kitu. Ulikuwa mfu."

"Kwako," akasema. "Kwangu ulikuwa hatua ya ngazi."

Nikaurudisha. Niliandika mstari wa pili usiofungua kitu chochote, unaokurudisha ulikotoka, na katika kazi yangu yote sijawahi kuandika kitu kwa uangalifu namna ile. Ule wa nne wa kufuta kila kitu nilimuuliza pia. Akasema, "Huo ndio mfu wa kweli, uzike," nikauzika. Mfumo wa kawaida nilimwekea wiki iliyofuata, kwenye mstari wa kwanza niliokuwa nimeushikia nafasi.

Alhamisi niliomba ruhusa nikaenda Nandagala kwa pikipiki. Sikuwa na kazi huko, nawaambia ukweli, sikupata usingizi tu. Mkuu wa shule aliniruhusu kukaa nyuma ya darasa pamoja na wathibiti wawili, mmoja mama mwenye kilemba, mwingine kaka mwenye kalamu tatu mfukoni. Mkuu mwenyewe alisimama mlangoni akijifuta jasho.

Mwalimu Athumani akaingia, akagusa meza, akaweka laptop, akaiwasha. Darasa zima likanyamaza. Feni ikapanda, ikashuka. *Ti, ti.*

"Karibuuu!" wakaitikia watoto wote kwa pamoja. Kumbe walikuwa wameshaizoea kwa siku moja tu. Yule kaka kalamu ilimtoka mkononi.

Chini, chini, Enta. Nilivihesabu vidole vyake. Sauti ikaanza kumnong'oneza kwenye sikio lililovaa spika ndogo ya sikioni, na yeye akaanza kufundisha biashara ya masafa marefu: Wayao na misafara yao, njia walizopita, walibeba nini na walikutana na nani. Alikuwa anatembea kati ya madawati bila kugusa hata moja. Mtoto akinong'ona nyuma, anamtaja jina. Mwingine akainua mkono kimya kabisa, na Mwalimu akageuka, "Ndiyo, Somoe, uliza." Baadaye nilimuuliza alijuaje. Akaniambia shati la Somoe limetiwa wanga mwingi, akiinua mkono linalia.

Kipindi kilipokwisha, yule mama mwenye kilemba aliomba aoneshwe andalio la somo. Mwalimu akalichapisha palepale kwenye printa ya ofisi. Wakalisoma, wakalipigia tiki, wakaenda darasa linalofuata. Mkuu wa shule akabaki na sisi kwenye kibaraza, akakohoa. "Mwalimu," akasema, "maktaba tutatafuta mtu mwingine."

Ni hayo. Mimi nimeondoka, Mwalimu bado yuko darasani, na mashine yake inazeeka kama sisi. Siku moja mtasikia fimbo kwenye ngazi. Brashi ya Mzee Likwata nimeiacha kwenye droo ya juu, anzeni na hiyo kwa ajili ya salfa, na dirisha mlifunge. Kisha mwambieni aiwashe mwenyewe, nanyi mfumbe macho. Ikibisha hodi, itikieni, asiitikie peke yake. Mkifumbua mtaona menyu, na mstari wa pili mtaona hauendi popote, na mkono utawawasha kuusafisha. Msiufute.